Kitufe Alichobonyeza Mama

Mama alifariki asubuhi ya Jumanne akiwa kwenye kiti chake, nyumbani kwetu Malukhu, mjini Mbale. Mimi nilikuwa Jinja nakunywa chai. Nayasema haya mapema kwa sababu sipendi watu wanaokuzungusha. Ninachotaka kueleza ni ile ruta niliyomtengenezea, na kile ambacho ruta ile haikunipa siku hiyo.

Mimi ni fundi wa ruta, vile visanduku vya kusambaza mtandao nyumbani. Nina kibanda Mafubira, juu kidogo ya mji wa Jinja. Ruta inatoka kiwandani na programu ndani yake inayoiambia ifanye nini, na mara nyingi programu hiyo ni mbovu, au imefungwa usiiguse. Lakini wapo watu duniani walioandika programu nyingine ya ruta, wakaiacha wazi, kila anayetaka aisome, aibadilishe apendavyo. Kazi yangu ni kufuta ile ya kiwandani, kuweka hii huria, kisha kuichezea mpaka ruta inisikie. Nyumba za wageni za kando ya mto hutaka mgeni aandike namba ya chumba kwanza ndipo apate mtandao. Shule moja hutaka mtandao uzime saa za masomo. Wateja wapya wakifika kibandani huniuliza fundi yuko wapi. Nikiwa na siku njema huwaambia ndiye mimi. Nikiwa na siku mbaya huwaambia wangoje, naendelea na kazi mpaka wagundue wenyewe.

Ukali huo nimeurithi kwa mama, ila yeye alijua kuuchanganya na mzaha. Baba alikuwa askari magereza, mtu wa kaskazini, na mama alitoka upande wa Kenya, karibu na Bungoma. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo sisi tulilelewa kwa Kiswahili katika nyumba za askari. Mbale Kiswahili hakikupendwa. Mama akifungua kinywa sokoni, wanawake wa rika lake walinyamaza kwanza, maana wao lugha hiyo waliisikia mara ya kwanza kwa watu wenye bunduki. Yeye hakujali. Aliongea nao mpaka wakamzoea, wakaanza kumjibu kwa Kiswahili chao kilichochanganyika na lugha yao ya Kimasaba, naye akawa anawasahihisha bila kuombwa. Kazi yangu aliicheka waziwazi. Alisema alinisomesha miaka yote ile nikaishia kuuza hewa.

Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, na maneno yake yote. Alibaki na macho, na kicheko cha upande mmoja, na mkono wa kushoto uliokuwa ukitetemeka. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekuwa akiishi naye. Ana meza ya vitenge sokoni, mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda kutoka nyumbani. Kila asubuhi alimwogesha mama, akamlisha, akamkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akaenda kazini, akarudi saa saba mchana kumpa chakula. Yale masaa ya katikati ndiyo yaliyokuwa yakituumiza vichwa. Simu mama hakuiweza. Kidole kilitangatanga juu ya kioo, na hata kama kingefanikiwa kupiga, angesema nini?

Ndipo nikapata wazo. Ruta nyingi zina kitufe cha kuunganisha simu bila kuandika neno la siri, na karibu hakuna mtu anayekitumia. Ukiweka programu huria, kitufe hicho ni chako. Unaandika mistari michache na kitufe kinafanya unalotaka. Nilitafuta ruta kuukuu yenye kitufe kikubwa mbele, nikaichomekea modemu yenye laini ya simu, nikaanza kuandika. Mama akibonyeza mara moja, simu yangu ingepata ujumbe: Mama ameamka. Akibonyeza mara tatu au zaidi mfululizo, ujumbe ungekwenda kwangu na kwa mdogo wangu kwa pamoja: Njoo. Na mimi nikijibu, taa moja ya ruta ambayo haikuwa na kazi ingewaka rangi ya chungwa kwa saa nzima, ili mama ajue tumeona.

Niliipeleka Mbale nikiwa nimeipakata safari nzima. Tukaiweka kwenye meza ndogo pembeni ya kiti chake. Mama akabonyeza, simu yangu ikalia pale pale mbele yake, nikajibu, taa ikawaka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku ile alibonyeza kutwa nzima, na mdogo wangu akasema tumempa mtoto filimbi.

Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri. Kila asubuhi kama saa mbili, nikiwa nafungua kibanda, ujumbe uliingia, nami nilijibu. Tangu nihamie Jinja sikuwahi kusalimiana na mama kila siku, hata alipokuwa na ulimi wake. Zamani tulipigiana simu Jumapili, na nusu ya maongezi yalikuwa kugombana. Sasa tulikuwa na neno moja moja kila asubuhi na hatukugombana. Nilikuwa na furaha, na siwezi kulikana hilo.

Lakini ule mkono ulitetemeka. Mama alikusudia kubonyeza mara moja, kidole kikagonga mara nne, na ujumbe wa Njoo ukatoka. Mdogo wangu akaiacha meza kwa jirani, akapanda boda roho mkononi, akafika na kumkuta mama anatazama kuku dirishani. Mara ya kwanza walicheka wote wawili. Mara ya pili hawakucheka sana. Mara nyingine mimi mwenyewe nilifunga kibanda nikapanda basi, na nilikuwa nimefika Tirinyi, zaidi ya nusu ya njia, mdogo wangu aliponipigia kuniambia hakuna kitu, nirudi tu.

Nilirudi nimefura. Nilijiambia simkasirikii mama, nakikasirikia kifaa. Kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kilikuwa kinasema uongo, na hilo lilinikera kuliko nauli na kuliko siku iliyopotea. Jioni mdogo wangu alinipigia. Nadhani alinijua, alijua nitakwenda kukivunjavunja.

"Dada, wacha iwe hivyo," aliniambia. "Kama ni ya bure, mimi nakuja. Kama ni kila siku, mimi nakuja tu."

Nilimwambia yeye auze vitenge, mambo ya mashine aniachie mimi.

Jumapili iliyofuata nilikaa na kompyuta tangu asubuhi. Nilibadilisha kanuni zote. Sasa mibonyezo yote ndani ya nusu saa ingehesabiwa kuwa mmoja, na ingetoa salamu moja tu. Kuhusu Njoo, kitufe kingetakiwa kushikiliwa sekunde tano bila kuachiwa. Niliandika kwenye daftari langu: mkono unaotetemeka hauwezi kushikilia sekunde tano, kwa hiyo hakutakuwa tena na Njoo ya uongo. Sentensi hiyo bado ipo kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri. Niliijaribu kwa kidole changu mara ishirini na mara zote ishirini ilifanya kazi.

Nilikwenda Mbale kumwekea. Nilimshika mama mkono, nikaweka kidole chake juu ya kitufe, nikakikandamiza kwa kidole changu, tukahesabu pamoja, mimi kwa sauti na yeye kwa macho: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ujumbe ukaja. Nikamuuliza kama ameelewa, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameelewa vizuri. Sikumwambia ajaribu peke yake.

Kwetu sisi wa programu huria kuna ada moja: ulichokipata bure, ukikiboresha, unakirudisha ili wengine nao wafaidi. Kwa hiyo niliiweka kazi yangu mtandaoni, pale wanapokutana watu wa ruta kutoka kila pembe ya dunia, nikaeleza kuwa ni ya kumsaidia mgonjwa asiyesema. Nilisifiwa. Watu wenye wazazi wagonjwa waliandika kunishukuru, na kichwa changu kikavimba. Mmoja tu, mtu wa nchi ya mbali yenye baridi, aliniuliza kwa adabu kama sekunde tano zilijaribiwa kwa mkono wa yule atakayekitumia kitufe. Nilimjibu kwa mstari mmoja kwamba imejaribiwa mara ishirini. Nilimwona ni mjuaji.

Miezi miwili ikapita bila Njoo hata moja. Salamu ya saa mbili ilikuja moja tu, safi, na mdogo wangu aliuza vitenge vyake bila kukimbizwa. Nilimwambia umeona sasa. Alisema ameona.

Jumanne ile salamu ilikuja saa mbili na dakika kumi. Nilikuwa na mteja wa nyumba ya wageni, mtu mbishi, anayedai ruta yangu inambagua. Nikaiona salamu kwenye kioo cha simu, nikaiacha kwanza. Mteja alipoondoka nikajimiminia chai, na ilipofika saa mbili na nusu hivi nikajibu, kikombe kikiwa mkononi. Siku ikaendelea. Saa saba mdogo wangu akapiga simu akilia, nami nikajua.

Daktari alisema ni kiharusi cha pili. Watu waliokuja msibani walitufariji kwamba hakuhangaika, maana alikutwa amekaa kwa utulivu, mkono mapajani. Mchungaji naye akalisema hilo kanisani. Niliwaamini, kwa sababu nilitaka kuwaamini. Tulimzika kando ya baba. Niliichomoa ruta, nikaitia kwenye mfuko pamoja na nguo zangu za msibani, nikarudi Jinja, na mfuko ule nikausukuma chini ya meza ya kibanda. Sikuugusa kwa miezi mitatu.

Kilichonifanya niuguse ni yule mtu wa mbali. Aliandika tena. Alisema amemwekea baba yake mzee programu yangu na kuna mibonyezo inayopotea njiani, akaniomba nimtumie kumbukumbu za ruta yangu azilinganishe na zake. Maana nilikuwa nimeiandikia ruta ihifadhi kila mbonyezo, saa yake na urefu wake, hata ule usiotumwa popote. Kumbukumbu hizo sikuwahi kuzifungua. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi, sikuona haja ya kukichunguza. Basi alasiri moja niliitoa ruta mfukoni, nikaiwasha, nikaanza kusoma tangu siku ya kwanza.

Siku za kawaida zilifanana. Mibonyezo mitatu au minne, mifupi, kidole kinagusa na kuachia. Nilishuka chini taratibu mpaka nikafika Jumanne.

Saa mbili na dakika kumi: kitufe kimeshikiliwa sekunde tatu. Halafu sekunde mbili. Halafu nne. Halafu nne tena. Moja. Tatu. Nne. Nilidhani macho yananidanganya, nikahesabu mistari kwa kuweka kidole juu ya kioo. Ilikuwa thelathini na sita. Hakuwa anasalimia. Alikuwa anashikilia kitufe na kuhesabu kama nilivyomfundisha, moja, mbili, tatu, nne, na kidole kinateleza kabla ya tano, anaanza upya. Ruta ilinitii mimi. Hakuna mbonyezo uliofika sekunde tano, na yote ilikuwa ndani ya nusu saa, kwa hiyo ikanitumia salamu moja, safi, kama nilivyotaka.

Chini ya mstari wa thelathini na sita ruta ilikuwa imeandika kwamba taa imewaka. Hilo lilikuwa jibu langu, lile la chai. Baada ya hapo hakuna mbonyezo mwingine. Mama aliiona taa. Tangu siku ya kwanza nilimwambia taa ikiwaka maana yake tumeona, naye aliniamini, akaacha kubonyeza.

Nilifunga kibanda, nikakaa ndani gizani mchana ule. Naandika haya bila kujua kama angepona. Daktari niliyekuja kumuuliza baadaye alisema kiharusi cha pili mara nyingi hakina huruma, hata ukiwa mlangoni mwa hospitali. Alisema mara nyingi, hakusema kila mara. Mimi ninajua dakika kumi za boda, na ninajua kwamba mdogo wangu alishasema atakuja hata ikiwa ya bure, na mimi ndiye niliyemzuia.

Siku iliyofuata niliirekebisha ile programu. Sasa mbonyezo wowote, mfupi au mrefu, ni wito, na unatumwa, na unaofuata unatumwa pia, hata kama ni mia. Nikaandika juu yake kwamba toleo la mwanzo lisitumiwe na mtu yeyote kwa sababu lilijaribiwa na mkono mzima. Yule mtu wa mbali alishukuru sana. Sikumweleza kilichotokea. Yeye baba yake yu hai, sikuona sababu ya kumbebesha habari zangu. Niliomba tu radhi kwa jibu langu la siku zile, naye akasema hata hakumbuki.

Kumwambia mdogo wangu kulinichukua wiki mbili. Nilitafuta visingizio, kazi nyingi, mvua, kikohozi. Mwishowe nikapiga moyo konde nikapanda basi. Nilimkuta mezani kwake sokoni, nikangoja wateja wapungue, nikamweleza yote, hata lile neno nililomwambia la vitenge na mashine. Nilitaka akasirike. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa mbele ya soko zima, na nilijua nikitukanwa nitapata nafuu kidogo.

Aliendelea kukunja kitenge alichokuwa anakikunja. Kisha akaniuliza taa iliwaka saa ngapi. Nikamwambia. Akakaa juu ya furushi, akanivuta nikae pembeni yake.

"Dada, iko kitu mimi sikuambia wewe," alisema. "Ile siku nilikuta mama amevaa viatu."

Ilibidi anieleze polepole kwa sababu sikuelewa. Vilikuwa vile viatu vyeusi vya kanisani, ambavyo kila Jumapili mdogo wangu ndiye aliyemvalisha, kwa kuwa mama kwa mkono mmoja hakuviweza. Asubuhi ile alimwacha na ndara miguuni, na viatu vilikuwa kule chini ya kitanda, hatua mbili ambazo mama aliweza kujikokota kwa kushika ukuta. Alipomkuta amevivaa, alidhani mama aliinuka aende kumtafuta, akashindwa, akarudi kitini akafa akijua ameachwa peke yake. Ndiyo maana alimvua viatu upesi kabla majirani hawajaingia, akavirudisha chini ya kitanda, na hakumwambia mtu, hata mimi. Miezi yote ile, watu walipokuwa wakisema mama alikwenda kwa utulivu, yeye alikuwa anaviwaza viatu.

"Kumbe alikuwa nangoja," alisema. "Aliona taa, akajua sisi nakuja kumpeleka hospitali, akavaa viatu." Alijifuta uso kwa kile kitenge. "Basi mama hakuogopa, dada. Hakuogopa hata kidogo."

Nilimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuona mabega yake yameshuka. Nilitaka kumwambia kwamba taa ile haikuwa na mtu nyuma yake, kwamba ilikuwa salamu yangu tu ya chai, lakini hilo nilikuwa nimeshamweleza na yeye alikuwa ameshachagua la kubaki nalo. Sikumbishia. Mteja akamwita, akainuka akaenda kumpimia kitambaa, nami nikabaki pale juu ya furushi nikimwona mama ameinama, anavaa viatu kwa mkono mmoja, akiharakisha ili tukifika tusimngoje.